Mjukuu wa Nani? Kipande, Shifta na Ugaidi Ng'ambo ya Mto Tana

Ukimsikia mtu wa Garissa akisema "kesho naenda Kenya," usidhani ulimi umeteleza. Anakwenda Nairobi. Usemi huo ni wa zamani huku, na kizuizi cha daraja la Mto Tana ndicho kinachoupa uhai: basi husimama, abiria hushuka, vipande hukaguliwa kimoja kimoja, kisha safari ya kwenda Kenya huendelea. Huku tunasema kipande zaidi ya kitambulisho. Ni jina la ile karatasi ya mkoloni ambayo Mwafrika aliivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, na halijachakaa kwa sababu kazi yake haijabadilika sana.

Usomali, kujitenga na ugaidi hujadiliwa kama mada tatu katika makongamano ya hoteli za Nairobi. Kwa msaidizi wa sheria aliyeko Garissa, Wajir au Mandera, ni faili moja tu, nayo hufunguliwa siku kijana anapotimiza miaka 18 na kuomba kipande. Mezani haulizwi amefanya nini. Anaulizwa yeye ni mjukuu wa nani. Ninayoandika hapa yametokana na faili za namna hiyo: kinachoombwa, kinachokwama, na kwa nini.

Anza na shaka ilikotoka, maana bila hiyo maswali ya mezani hayaeleweki. Waingereza waliifunga kaskazini, waliyoiita NFD (Northern Frontier District), kwa sheria ya 1902 ya wilaya za pembezoni, wakaikaza kwa sheria nyingine ya 1934. Kuingia au kutoka kulihitaji pasi. Kabila zima liliweza kuadhibiwa kwa kosa la mtu mmoja. Mwaka 1962 tume ilipozunguka kuuliza wenyeji wanataka nini, wengi walijibu wazi kwamba wanataka kuungana na Somalia. London ikaamua vinginevyo Machi 1963, Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, na uchaguzi wa Mei mwaka huo ukasusiwa. Uhuru ulipofika Desemba 12, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini kabla mwezi haujaisha.

Vita vilivyofuata vimebaki na jina la "shifta," yaani jambazi. Jina hilo lilifanya kazi kubwa kuliko bunduki. Aliyedai kujitenga, aliyeiba ng'ombe, mfugaji aliyevuka mpaka kutafuta maji: wote shifta. Wafugaji walikusanywa vijijini kwa nguvu, mifugo ikafa kwa kufungiwa sehemu moja. Kisheria vita viliisha Oktoba 1967 huko Arusha, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwapatanisha Rais Kenyatta na Waziri Mkuu Egal wa Somalia. Hali ya hatari haikuisha. Iliendelea hadi 1991, miaka 24 baada ya amani. Kati ya hapo Bunge lilipitisha sheria ya 1970 inayowakinga maafisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kaskazini, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu kuanzia Desemba 25, 1963 hadi Desemba 1, 1967. Mzee anayetaka kudai fidia ya miaka hiyo hukutana na ukuta huo kwanza, na ni heri aambiwe mapema kuliko kuachwa auze ngamia kumlipa wakili.

Wagalla, Februari 1984, ni habari nyingine, kwa sababu iko nje ya tarehe hizo. Wanaume wa Degodia, ukoo wa Kisomali, walikusanywa kwenye kiwanja cha ndege karibu na Wajir, wakavuliwa nguo, wakakaa juani siku kadhaa bila maji, wengi wakapigwa risasi. Serikali ilitaja 57. Tume ya ukweli na maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliamini waliokufa walikaribia 1,000. Anayekusanya ushahidi wa Wagalla au wa mauaji ya Bulla Karatasi, Garissa, ya 1980 asianze na idadi. Idadi huzua ubishi wa koo. Aanze na majina matatu ya marehemu (lake, la baba na la babu), ukoo mdogo, kisima ambacho familia ilinyweshea mifugo mwaka huo, na nani aliusitiri mwili. Hayo ndiyo yanayoweza kulinganishwa kati ya shahidi mmoja na mwingine.

Novemba 1989 serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya waliotimiza miaka 18 wajisajili upya, na waliopita mchujo wakapewa kadi ya pinki. Hakuna kabila jingine lililoamriwa hivyo. Mtu alikuwa na kipande cha Jamhuri mfukoni, na bado alihitaji kadi ya pili kuthibitisha kwamba ya kwanza ni yake. Kadi hiyo sasa haina nguvu, lakini ikiwa mzazi anayo, msiitupe: ni ushahidi kwamba dola yenyewe ilimchuja na kumkubali kabla wakimbizi wa Somalia hawajafika kambi za Dadaab mwaka 1991.

Sasa mezani. Kijana wa Kisii au Nyeri hupeleka cheti cha kuzaliwa na nakala za vipande vya wazazi, anapitia kwa chifu, anachukuliwa alama za vidole, anapewa karatasi ya kusubiri. Yeye hujulikana, basi. Kijana wa Garissa, kwa miaka mingi hadi tangazo la Februari 2025, alipeleka hayo yote na kisha akapangiwa kikao cha mchujo: afisa tawala, chifu, wazee wa koo, usajili, uhamiaji, upelelezi, ujasusi. Kikao hakikukaa kila siku. Mjumbe mmoja akikosa, kiliahirishwa, na aliyetoka kilomita 100 kwa lori alilala msikitini bure.

Makosa mengi hapo ni ya majina. Msomali ana jina lake, la baba na la babu. Karani mmoja huandika Mohamed, mwingine Mohammed, mwingine Muhumed. Cheti cha shule kina Abdi, cha kliniki kina Abdullahi. Jopo liliona watu watatu. Dawa yake ni kukaa na karatasi zote usiku mmoja kabla ya kwenda, kuchagua tahajia iliyo kwenye kipande cha baba, na kula kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba majina yale mengine ni ya mtu huyo huyo. Kosa la pili ni tarehe. Nusu ya kijiji kilizaliwa Januari 1, kwa sababu ndivyo karani alivyoandika kila alipoambiwa "mwaka wa mvua kubwa." Ndugu wawili wa mama mmoja waliozaliwa Januari 1 ya mwaka mmoja, na si mapacha, watarudishwa. Sahihisha kabla hujaulizwa.

La tatu halizungumzwi hadharani: wazee. Hao ndio wanaomjua mjukuu wa nani, na ndio wanaoweza kukataa kumjua. Mtoto wa ukoo mdogo katika tarafa ya ukoo mkubwa, au Mmunyoyaya wa kando ya Tana, hupata "simfahamu" inayomaliza kila kitu. Wengine hufahamu baada ya bahasha. Tulichoona kikisaidia ni kutafuta mzee wa ukoo wa mwombaji mapema na kumweka mezani siku hiyo hiyo, pamoja na mwalimu mkuu mwenye daftari la uandikishaji la darasa la kwanza. Daftari la shule halina ukoo. Msichana aliyeolewa aende na karatasi za baba yake. Kwenda na za mume ni kuanza upya, maana ataambiwa amekuja kwa ndoa.

Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki hiyo, na kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya hati za utambulisho. Jopo halikupenda kuandika. Lilipenda neno "subiri," kwa sababu "subiri" haina rufaa. Kwa hiyo peleka barua yenye nakala mbili, ya kwako ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri huo hakuna kesi. Na asiye na kipande hana laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa, hana akaunti, hana mkopo wa chuo, hapigi kura, havuki daraja.

Tatizo gumu kuliko yote ni la alama za vidole mara mbili. Ukame ulipobana, kuanzia miaka ya 1990 na vibaya zaidi 2011, familia za Kikenya zilizoishi jirani na Ifo, Dagahaley na Hagadera, kambi za Dadaab, ziliona malori ya chakula yakipita mlangoni kwenda kwa wakimbizi. Mama akajiandikisha kama mkimbizi apate unga na mafuta, watoto wakahesabiwa pamoja naye. Hakuna aliyemwambia kwamba anauza uraia kwa kadi ya mgao. Mtoto yule akifika miaka 18 na kuweka kidole kwenye mashine, mfumo humwita mkimbizi. Makumi ya maelfu ya Wakenya walinaswa hivyo.

Ushauri tunaotoa hapo huwakera wazazi: semeni ukweli. Anayekana kwamba aliwahi kuandikishwa hukutana na alama zake mwenyewe, na tangu hapo ni mwongo kwenye faili. Leteni vipande vya wazazi wote wawili, cha babu kama kipo, kadi ya kliniki, daftari la shule linaloonyesha mtoto alikuwa darasani nje ya kambi, na maelezo ya kiapo yanayotaja kambi, mwaka na sababu. Ombeni kufutwa kwenye orodha ya wakimbizi kwa barua inayotaja nambari ya kadi ya mgao. Kila mtoto awe na barua yake; barua ya familia nzima hukwama kwa mtoto mmoja mwenye kasoro. Msinunue kipande cha marehemu. Kinauzwa, kila mtu anajua kinauzwa, na siku ya msako mwenye nacho hana tena mgogoro wa usajili, ana kesi ya jinai, na mwendesha mashtaka atataka kujua alikuwa anajificha nini.

Msako wenyewe ulionyesha thamani ya kipande. Aprili 2014, baada ya shambulizi la jumba la maduka la Westgate la Septemba 2013 lililoua watu 67 na maguruneti kadhaa Mombasa na Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, polisi walizingira Eastleigh na kukamata watu wapatao 4,000, wengi wakipelekwa uwanja wa Kasarani. Wenye vipande halali walichukuliwa pia, kwa madai kwamba vya kaskazini ni vya kununua. Wakazi walikuwa na utani wao mchungu kwamba Msomali ni mashine ya ATM: mbonyeze, itoke noti. Tazama mzunguko ulivyo. Mchujo huleta rushwa, rushwa hushusha hadhi ya kila kipande cha kaskazini, hadhi ikishuka mchujo huongezwa. Anayetaka kununua hununua. Anayeumia ni maskini mwenye karatasi safi.

Mtu akikamatwa kwa tuhuma za ugaidi, saa za mwanzo ndizo zenye uzito. Familia iandike saa na mahali, namba ya gari, kituo kilichotajwa, na iombe nambari ya OB, yaani daftari la matukio la polisi. Kifungu cha 49 kinataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti ikiwa muda umeisha wikendi. Kumshikilia zaidi kunahitaji idhini ya hakimu. Kituo kikikana kuwa naye, nendeni cha pili na cha tatu siku hiyo hiyo, na muwe na wakili wa kuomba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake. Kosa kubwa la wazee wetu ni kusubiri mbunge apige simu. Mbunge hupiga Jumatatu.

Je, mchujo huo wa ukoo umewazuia magaidi? Tazama majina. Mtu aliyekiri na kuhukumiwa kwa maguruneti ya Nairobi ya Oktoba 2011, wiki ambazo jeshi lilikuwa linaingia Somalia, alikuwa kijana wa magharibi mwa Kenya aliyesilimu. Aliyeongoza shambulizi la hoteli ya DusitD2 Januari 2019, watu 21 wakauawa, aliitwa Ali Salim Gichunge, kijana wa Isiolo, baba yake askari jeshi. Hakuna aliyewauliza wajukuu wa nani. Na mmoja wa walioua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, alikuwa Msomali wa Mandera, msomi wa sheria, mwana wa chifu. Huyo baba yake alikuwa ametoa taarifa kwamba mwanawe ametoweka. Kwa hiyo yule ambaye ukoo wake ulijulikana kikamilifu alipita, na taarifa aliyoileta mzazi haikuzuia kitu. Tukiulizwa pesa za mchujo zingewekwa wapi, jibu letu liko hapo: kwenye dawati linalopokea taarifa za wazazi na kuzifuatilia.

Al-Shabaab, kundi la kigaidi la Somalia, nao huchuja, na kwa kigezo kinachofanana na cha mezani kuliko maafisa wanavyopenda kusikia: wewe ni wa nani? Novemba 22, 2014 walisimamisha basi karibu na Mandera, wakawaua 28 walioshindwa kusoma shahada ya Kiislamu. Walimu wa kutoka bara wakakataa kurudi, na madarasa ya mpakani yakabaki na vijana wa kidato cha nne wakifundisha. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 21, 2015, basi jingine lilisimamishwa njia ya El Wak. Abiria wanawake wakawavisha wenzao Wakristo hijabu, na mwalimu Salah Farah na wenzake wakakataa kutengana. Alipigwa risasi, akafa Januari 2016. Katika mafunzo yote ya kupambana na itikadi kali yanayogharimiwa na wafadhili, sijaona somo lililozidi lile la dakika chache ndani ya basi.

Pwani ina hadithi tofauti, na kuichanganya na ya kaskazini ni kosa la kazi. Baraza la Mombasa Republican Council lilidai kwamba ule ukanda wa maili kumi, Mwambao wa Sultani wa Zanzibar, uliingizwa Kenya mwaka 1963 kwa makubaliano ambayo wenyeji hawakuyaridhia. Nyuma ya kauli ya "Pwani si Kenya" kulikuwa na jambo la kawaida sana: hati za mashamba. Mijikenda na Waswahili wengi ni maskwota kwenye ardhi ya mababu tangu usajili wa ardhi wa 1908. Serikali ililipiga kundi hilo marufuku Oktoba 2010 pamoja na makundi mengine, na Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo. Kudai kujitenga kwa maneno, kula kiapo haramu, kumiliki silaha na ugaidi ni vitu vinne mbele ya sheria, na kila kimoja kina ushahidi wake. Polisi huandika vyote kwenye karatasi moja. Kazi ya kwanza ya anayemtetea mshtakiwa ni kuivunja karatasi hiyo vipande vinne na kuuliza ushahidi wa kila kimoja uko wapi. Waaweer wa msitu wa Boni hawakudai hata kujitenga. Jeshi lilipoingia 2015, walizuiwa kuingia msituni walikolina asali, wakawa wanaomba ruhusa kwenda nyumbani kwao.

Kuna familia ambazo kijana wao amerudi kutoka Somalia na anataka kujisalimisha. Aprili 2015 serikali ilitoa msamaha wa siku kumi. Waliorudi walikuwa na hofu mbili, ya dola na ya kundi, na zote zilikuwa na msingi. Wapo waliotoweka na wapo waliouawa. Asipelekwe usiku, asipelekwe na mtu mmoja, asipelekwe kwa afisa anayefahamika kwa jina la utani tu. Aende mchana, na wakili, mzee na imamu, picha ipigwe mlangoni, maandishi ya kumkabidhi yatiwe saini pande zote mbili na nakala ibaki kwa wakili. Mama ajue kituo kwa jina.

Februari 2025, Wajir, Rais Ruto alitangaza kuondoa mchujo wa ziada kwa kaunti za mpakani. Watu walishangilia, nasi tulishangilia. Lakini tangazo ni kitu kimoja na mashine ya vidole ni kitu kingine: jopo likiondoka, orodha ya wakimbizi bado iko ndani ya mfumo, na tahajia ya Muhumed bado si ile ya Mohamed. Waliokataliwa zamani waombe upya, wasidhani faili ya zamani itafufuka yenyewe. Waje na barua ya kukataliwa ikiwa waliipata, na kama hawakuipata, na ile nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Isipigwe laminesheni. Karani akitaka kuthibitisha muhuri, hugeuza karatasi na kuugusa kwa kidole.